Kidole cha Mwisho

Dirisha la tatu, ofisi ya simu, Mafinga.
Dada anasema: weka kidole hapa, baba, tusajili laini.
Nikaweka nilicho nacho.
Kitaa kikawa chekundu. "Jaribu kingine."
Kingine kipi?
Dingdong ilikula vyote vya kulia na vitatu vya kushoto,
saa mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya mipaini,
ikaendelea na gogo lake
kana kwamba nimepiga chafya tu.
Ikaniachia gumba lililochanika alama
na kile kidogo cha pembeni
ambacho watu hukitumia kuchokonoa sikio.

Mwaka mzima nikaandika kwa mikono ya watu.
Mke wa Kihwele aliandika deni langu,
Mdabulo nzima ikalijua kabla ya mdai.
Kijana wa kidato cha pili niliyemwambia
amwandikie mama Lusungu "nakukumbuka"
alicheka, akauliza: niweke na ua?
Nikasema futa.
Andika: mbolea imefika.

Ndipo nikaenda kwa Tuntufye, fundi simu,
Mnyakyusa mwenye koti la mtumba na macho ya kupekua.
"Sema tu, mzee. Itaandika yenyewe."
Nikaisogelea kama mtu anayepuliza uji.
Nikasema: kamwene.
Ikaandika: kama mwenye.
Nikasema: nitakuja na ulanzi.
Ikaandika: nitakuja na ulinzi.
Foleni nzima ikaangua kicheko, nami pia, kidogo.
Simu hii imesoma Kiswahili cha redio,
haijawahi kulala Mdabulo.
Tena sauti ni dirisha lisilo na pazia:
nikimwambia mke wangu, nimewaambia na wenye viatu vya kushonwa
waliokaa benchi la kibanda cha jirani.

Tukajaribu ya taa.
Kimraba cha buluu kinatembea juu ya herufi, safu kwa safu,
nawe unabonyeza kwa kiwiko kikifika pako.
Nikaisubiri M kama wachuma chai wanavyosubiri lori la mizani.
Ilifika. Kiwiko kikachelewa. Ikapita, ikaniachia N.
Mgongolwa ni herufi tisa.
Maharage yangekuwa yameiva.

Tuntufye hakukasirika.
Akazivimbisha herufi zikawa kama matofali,
akaifundisha simu uvumilivu:
mguso wa kupapasa usihesabiwe,
maana baridi ya Juni hutikisa hata kilichobaki.
"Sasa usiinue kidole," akasema. "Buruta."

Kuburuta!
Si ungeanza na hilo.
Miaka kumi na tisa nimesukuma randa:
unaweka, unaegemea, unafuata nyuzi za ubao,
huinui mpaka mwisho.
Nikaweka kidole cha mwisho juu ya n,
nikapita y, nikapita u, nikashuka m, b, nikafika a,
na nyumba ikaanguka kiooni
kama maranda, jembamba, limejikunja, zima.

Hakutaka hela. Alitaka mbao mbili za rafu.
Nimempa tatu.

Usiku mvua ilipiga bati.
Mama Lusungu alikuwa Makambako na viazi vyake.
Nikavuta blanketi mpaka masikioni,
nikaandika mwenyewe.
Nilikosea, nikafuta, nikakosea palepale.
Maneno manne.
Hayo hayawahusu.

Akajibu: "Leo nani anakuandikia?"

Nikaweka kidole.
Chini, juu, chini, juu,
kama randa inavyokwenda na kurudi:
mimi.

Hakuandika tena mpaka alfajiri.
Nilikuwa macho.