Siku Yangu ya Mapumziko, Jomvu Kuu

Leo sina bendera ya kijani mkononi,
sina fulana yenye jina la kampuni,
hakuna anayenifuata akijipepea kwa ramani.
Nimeshuka Mikindani,
nimeyapa kisogo malori ya makasha,
nikaishika njia ya vumbi jeupe
hadi ngurumo zikakonda, zikakatika
kama uzi kwenye meno ya mshonaji.

Ni Ornella aliyenileta, bila kujua.
Mwaka jana, pale Ngomeni, kwenye kivuli cha ukuta,
alinionyesha kijiji chao katika simu:
watu arobaini mlimani, nyumba za mawe,
kengele moja,
bomba la maji linalotoka kinywani mwa simba wa jiwe,
duka lililofungwa tangu mwenyewe afariki.
"Hakuna kitu," akasema, akicheka, machozi yakimlenga.
Kisha akaniuliza: "Na kwenu?
Kwenu penye kimya ni wapi?"

Mimi, ninayejibu kila swali kwa lugha tatu,
nilimtajia saa ya basi.

Haya basi, nyanya Mwanatumu, hodi.
Jomvu yako haikuinuka kunipokea.
Paka kalala juu ya cherehani barazani.
Redio yasoma matangazo ya vifo kwa sauti ya chini.
Leso imeanikwa, jina lake limegeukia ukutani,
sikulipata.

Msikiti wa kale umezungushiwa seng'enge na lango la kufuli.
Ufunguo anao Gharibu,
na Gharibu kaenda Changamwe kujaza mtungi wa gesi.
Ndivyo alivyonambia Batuli wa darasa la sita,
daftari kwapani, mfuko wa kachiri mkononi.
"Lakini seng'enge," asema, "imekatika huku nyuma."

Tukainama, tukapita.
Paa hakuna. Mbingu imeingia na viatu.
Kibla kimesimama peke yake, tao la matumbawe,
na kando yake mashimo ya mviringo
palipokuwa na sahani za kaure;
zilipong'olewa, ukuta ulibaki umetoa macho.
Nje, kisimani, kamba zimekula jiwe.
Nimetia kidole katika kila mfereji:
kumi na mmoja.
Mmoja nimemchagulia nyanya yangu,
ule mwembamba, upande wa kivuli.
Nani atanibishia?

"Msikiti huu ulijengwa lini?" nikauliza,
mimi niliyewagawia wageni karne kama peremende,
huyu ya kumi na nne, yule ya kumi na sita,
kwa kadiri ya uchovu wa miguu yangu.

Batuli akatafuna. Akafikiri.
"Sijui."
Miaka kumi na minane kazini
sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu aliyelipa.
"Nyote mujao mwauliza hilo," akaongeza,
"hakuna anouliza kama maji yake ni matamu."

"Ni matamu?"

"Yana chumvi kidogo. Utazoea."

Akateremsha dumu la mafuta lililokatwa kichwa,
kamba ikapita kwenye mfereji mpana
kana kwamba haikuwahi kuondoka.
Nikanywa. Yana chumvi, si kidogo.
Nikanywa tena.

Nimempigia Ornella picha moja:
ukuta, weupe wa mchana, kiwiko cha Batuli.
Picha mbaya, ningemkataza mgeni yeyote kuipiga.
Chini yake nikaandika: Hapa pia hakuna kitu.

Gharibu akafika, mtungi begani, jasho limemlowa,
akatukuta ndani, mimi na mtoto na dumu.
Hakuuliza tumepitia wapi.
Akautua mtungi, akatafuta ufunguo mifuko yote miwili,
akafungua kufuli pole pole,
ili tutoke mlangoni,
kama watu.