Matofali ya Karatasi

Bibi Leida hakubandika stika.
Jirani yake Heino anayo, herufi nyekundu juu ya sanduku la barua:
MATANGAZO HAPANA.
Bibi akasema, mgeni anayekuja na kuni humfukuzi.

Basi yakaja. Kila Jumatano Maimu wa posta
alishuka baiskeli, theluji ikimfika vifundoni,
akasukumia ndani furushi la rangi:
nyama ya nguruwe nusu bei, matairi,
sofa ya kona, mwisho Jumapili,
na bahasha yenye kidirisha cha plastiki
iliyomjua kwa jina.

Hakutupa kitu kabla ya kukijibu.
Alivaa miwani, akakaa mkabala na jiko.
"Mwisho Jumapili? Mwaka wa themanini na tisa huu
naambiwa mwisho Jumapili, na Jumatatu naamka."
"Mpendwa Leida, tumekuchagua wewe.
Ah! Aliyewahi kunichagua ni Endel,
naye pia alitaka nitie sahihi kwanza."
"Kifaa cha kusikia. Eti nini?"

Kisha ndoo.
Alichana, akaloweka siku tatu kwa maji ya theluji
hata nguruwe, matairi na riba ya asilimia tisa
vikawa uji mmoja wa kijivu.
Akaushindilia kwenye mkebe wa samaki, akaukalia
(mwepesi yule, ilibidi apakate jiwe),
akaanika matofali juu ya tanuri.
Karatasi ya kung'aa haiwaki vizuri, alinifundisha,
moto kidogo, majivu tele. Changanya na gazeti.

Mimi nilikuwa Tallinn. Nina kazi, nina printa.
Mwezi wa kwanza nilimwandikia kurasa mbili:
Rasmus kuondoka, mimba, usingizi kunipaa.
Nikapiga chapa hata anwani.
Bahasha niliichukua ofisini,
ile yenye kidirisha.

Hakujibu. Nilinuna mpaka barafu ikayeyuka.

Nilipofika, mwezi wa nne, nikavunja tofali
lipate kupita mlango wa jiko,
na ndani yake, kama mwiba katika mchuzi,
kipande:
*silali, Bi*

Nikampa. Akavaa miwani.
Akakigeuza, akakinusa.
"Nilidhani ni benki," akasema.
Akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu,
kisha matofali yaliyobaki ukutani. Kumi na moja.

Usiku ule tulikaa na makoti, jiko baridi,
yeye akiyabomoa moja moja kwa kijiko cha supu,
akiokota vipande, akivisogeza kwenye taa.
"Nusu bei," alisoma. "Nusu bei. Matairi."
Nikamwambia aache, Bibi, nitakusimulia tu.
"Simulia," akasema, bila kuinua kichwa.
"Mikono ndiyo ina kazi. Masikio sijayanunua kwao,
bado ni yangu."