Jino la Kukatia Uzi

Miaka ishirini na saba nimekata uzi kwa jino hili
na mkasi upo pale pale, mbele ya macho.
Mama mkwe alinikanya. Nikacheka.
Sasa ufizi una kijipu kama punje ya mtama,
kikipasuka leo, keshokutwa kimerudi.

Daktari Kerubo, ghorofa ya tatu, Barabara ya Ngong,
alinibanisha kifilamu chenye pembe za kuchoma,
akatoka, akafunga mlango, kitu kikalia ti.
Kwenye skrini jino limesimama zima,
na ndani yake ule msumari wa daktari wa zamani,
mweupe kupita kiasi, kama taa ya gari usoni.
"Ufa siuoni," akasema. "Ila kutoona si kutokuwepo."

Akainamisha mashine kushoto. Picha.
Kulia. Picha.
"Mwale usipopita sambamba na mpasuko
kingo zake hufunikana."
Hapo nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Kitambaa kilichochanika kwa kufuata uzi wake
kitandaze mezani, utaapa ni kizima;
kiinue dirishani, kigeuze, kigeuze tena,
mpaka mwanga upate pa kupenya.
Ni sketi ngapi nimerudishiwa, Soko la Kenyatta,
nilizozikagua upande mmoja tu?

Akaniandikia barua ya Upper Hill.
Mashine ya huko haitaki kitu mdomoni:
unaegemeza kidevu, unaambiwa usimeze mate,
inakuzunguka kichwa kama fundi anayepima kola.
Elfu tisa. Nilipiga hesabu ya sare za shule, nikaacha.
Kijana mmoja, Wafubwa, akalikata jino langu kwenye kompyuta
vipande vyembamba kama wembe, kwa juu, kwa mbele, kwa ubavu,
na katika kimoja, mstari mweusi.
Moyo ukanishuka. Yeye akatikisa kichwa.
"Huenda ni ufa. Huenda ni msumari.
Chuma huchora michirizi pasipo na kitu."

Elfu tisa kwa huenda mbili.

Kerubo aliitazama sidii bila kuidharau wala kuiabudu.
"Ile ndogo ilinyamaza, hii inasema mno.
Achana na jino. Tazama mfupa."
Na kweli, kando ya mzizi, upande mmoja tu,
mfupa ulikuwa umeliwa, mfereji mwembamba kwenda chini.
Akachukua kijiti chenye alama za milimita,
akakitembeza pembeni mwa jino: mbili, mbili, tatu,
kisha kikazama tisa.
Futi yangu ya kupimia haijawahi kuniumiza hivyo.

Lilipong'olewa alilipaka rangi ya buluu, akalisuuza.
Rangi yote ikatoka, isipokuwa uzi mmoja,
kutoka shingoni mwa jino hadi nchani.
Nikalipeleka dirishani mwenyewe. Nikaligeuza.

Jana nilisahau, nikapeleka uzi mdomoni.
Ukapita penye pengo,
mzima.