Mkono Mtupu

Jumatatu nilipanda Nyawera na bahasha kifuani,
ndani yake mwaliko wa Goma: siku tatu,
mkutano wa walimu wa watoto wasiosikia,
chakula juu yao, malazi juu yao,
safari juu yetu.
Hilo "juu yetu" ndilo lililonipandisha ngazi.

Karani wa Divisheni hakuwa mtu mbaya.
Alinikaribisha kiti chenye miguu mitatu na tofali.
Akasoma barua mpaka chini, akarudi juu,
akasema: hapa pamekosa mkono wa prefe.
Prefe akatia mkono.
Akasema: pamekosa mkono wa mratibu.
Mratibu alikuwa Uvira, amefiwa;
siku nane nami nikakaa matanga ya mtu nisiyemjua.

Fomu ilikuwa na mistari miwili ya nukta:
Eleza faida ya safari.
Miwili.
Nikaandika, "Kuongeza ujuzi." Nikaona haya.

Kwa sababu nilitaka kuandika hivi:
katika kalasi yangu kule Bagira wapo kumi na tisa
na tangu Oktoba hatuna neno la "mvuke".
Nimechemsha maji mbele yao, nimeelekeza kidole,
Cirhuza akafanya ishara ya uji,
Nabintu akafanya ishara ya moshi,
wakagombana kwa mikono hadi kengele,
kengele niliyoisikia mimi peke yangu.
Na yupo mwalimu, Goma, au labda Butembo,
ambaye vidole vyake vinalijua neno hilo.
Nataka kumwona akilisema. Mara moja tu.
Hayo hayaingii kwenye nukta.

Karani alifunga faili polepole,
akatazama kiganja chake, akatazama changu,
akasema kama anayejisemea:
"Mama Mwalimu, wahenga walisema mkono mtupu..."
Hakumaliza. Hakuwa na haja.
Nikamwonyesha viganja vyangu vyote viwili, vyeupe kwa chaki.
Akacheka, nami nikacheka,
na barua ikalala mezani pake wiki nyingine.

Makuta yalikuja kama mvua ya Juni, tone, kisha kimya, kisha tone.
Likelemba ya walimu ilikuwa zamu ya Zihalirwa,
naye alitaka kuezeka jiko;
akasema jiko limeshazoea kulowa.
Mama yake Nabintu akaleta franka zenye harufu ya sambaza,
akazihesabu mara mbili, akachomoa noti moja ya nauli,
akafika mlangoni, akageuka, akairudisha,
akashuka mlima kwa miguu.
Nilinyoosha mkono nimrudishie.
Yake alikuwa ameshaifunga mgongoni.

Watoto waliniona nikienda, nikirudi.
Siku moja nikawakuta na ishara mpya
ambayo sikuwafundisha:
ngumi inagonga kiganja mara mbili,
kisha macho yanapanda darini na kukaa huko.
Nikauliza, ni nini hiyo?
Wakajibu wote: ruhusa.

Ijumaa muhuri ukapigwa. Wa bluu, umepinda kidogo.
Palipoandikwa "walimu wawili" palikuwa pamekatwa,
na juu yake, kwa kalamu nyekundu: mmoja.
Zihalirwa alisoma, akasoma tena,
akavuta daftari lake kwenye mfuko wa koti.
Maswali, kurasa sita, ameyapigia mistari kwa rula.
Hakusema nenda wewe. Alisema,
"La ukurasa wa nne usilisahau."

Sasa ni usiku, boti ya Goma, daraja la tatu,
nimebanwa kati ya kreti za bia na mzee mwenye termosi.
Daftari liko tumboni, chini ya kitenge.
Mikono yangu haitaki kulala, inajizoeza gizani:
mimi, Bukavu. Samahani. Neno hili sina. Nionyeshe.
Mzee anafungua termosi, chai inapumua,
nami najaribu tena, vidole juu, vikitawanyika,
hapana, si hivyo, tena.
Ananitazama muda mrefu.
"Mama," anauliza, "unaongea na nani?"