Vidole Vinne

Bwire alilileta saa tatu asubuhi,
Grande nyeupe, hela yote ya mabondo,
mwaka mzima akinunua vibofu vya sangara pale Mwaloni,
minofu akiwaachia wenye viwanda.
Akachuchumaa, akapachika mkono juu ya tairi:
vidole vinne vikaingia, ikabaki nafasi ya kalamu.
"Nataka viwili," akasema. "Viwili tu. Lilale."

Lugwisha akanitazama mimi.
Miezi saba Igoma nimeosha nozo, nimemwaga oili,
nimetumwa chai na vitumbua hadi mbwa wa mtaa wananijua;
springi sijawahi kuigusa.
"Leo Nkwimba," akasema,
akaenda kukaa kwenye kiti cha Noah
ambacho Noah yake iliuzwa zamani.

Jeki, kisha stendi mbili, kisha gogo,
maana jeki, asema Lugwisha, ni rafiki wa mkopo:
mtegemee, lakini simama pembeni.
Nati ya kumi na saba ilikuwa imeliwa na kutu,
kutu ya chumvi, ya bahari ya huko lilikotoka.
Ziwa letu halina chumvi, halijui kula chuma hivyo.
Nikaining'inia spana kwa uzito wangu wote,
na uzito wangu si mwingi.

Hakuna aliyeniambia kuwa springi ina pumzi.
Imebanwa kwa skrubu mbili, imenyamaza,
lakini ukisogeza kiganja
unasikia inavyohesabu.
"Usiweke uso!" Lugwisha akaita toka kitini.
"Shija mdogo wangu aliacha meno matatu hapo,
kwa haraka ya dakika moja."
Nikageuza robo.
Nikageuza robo.
Jasho likaingia jicho la kushoto, nikaliacha humo.

Grinda ikalia. Mzunguko mmoja na nusu, kila springi.
Cheche zikavuka mtaro hadi kwa mama wa mihogo,
akafunika ungo kwa khanga, akatukana kwa Kisukuma,
tusi refu, lenye mifugo ndani yake.

Saa kumi tukaachia jeki.
Likashuka, likapita pale nilipolizoea,
likaendelea kushuka,
moyo wangu ukisema basi, basi, basi wewe —
likatulia.

Kwetu Magu msichana akikutana na mkubwa njiani
huweka mzigo chini, hukunja magoti yote mawili.
Ndivyo lilivyokaa,
kama linaiamkia ardhi
na ardhi bado haijaitikia.

Bwire akapachika mkono. Viwili. Cha tatu kikagoma.
Akalizunguka mara nne akicheka peke yake,
akaondoka bila kulipa, akarudi kwa miguu, akalipa.
Kisha tuta la kwanza, lile la shuleni:
tulilisikia toka gereji, kraaa, ndefu, ya tumboni.
Nikafumba macho.
"Hiyo," akasema Lugwisha, "ni sauti ya mteja anayerudi."

Jioni nikapanda ngazi za mawe za Mabatini,
vipande vinne vya springi vikigongana kwenye rambo.
Mama akachungulia. "Siku hizi mnalipwa vyuma?"
Nikamweleza.
"Watu wanauza ng'ombe wapate gari la kuwainua," akasema,
"huyu amelipa laki mbili lake liwe fupi?"
Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.
Kisha akachagua kipande kimoja, akakipuliza vumbi,
akakiweka mahali pa figa lililopasuka tangu Pasaka,
akatua sufuria ya sato. Ikasimama.

Nikapima, kwa mazoea ya siku moja,
kati ya makaa na sufuria:
vidole vinne, na nafasi ya kalamu.
Mchuzi ulichelewa sana kuchemka.