Mwenye Mzizi

Saa mbili kasoro, kabla sijavua kofia,
sauti ya Semeni inavuka korido:
"Shekidele, njoo unipachikie!"
Naenda. Nainama juu ya bega lake,
naandika neno la siri la mzizi,
naye anageuza uso dirishani, kwa adabu,
kama mtu anayempisha mwenziwe avae.
Na ghala la ramani, lililo Chumbageni
katika chumba chenye feni mbili na paka,
linashuka ndani ya saraka tupu ya mashine yake:
Makorora, Mikanjuni, Mabawa, Tongoni,
viwanja vyote na mawe yake ya mipaka.

Kisha Singano. Kisha Mwanakombo wa masijala.
Meza tisa, mara tisa, kila siku ya Mungu,
na umeme ukikatika saa nne tunaanza upya.

Nisiseme uongo: nilipenda.
Katika mashine hizi mzizi hauko chini,
mzizi ndiye bwana; akisema futa, hufutika.
Kwetu Mlalo hatujapata hata ujumbe wa nyumba kumi,
nami nilikuwa na mzizi mfukoni.

Nikaenda kuzika. Siku mbili, simu haishiki mtandao.
Nikarudi na kikapu cha mapichi.
Semeni hakuyagusa.
"Alikuja mama mmoja wa Tongoni, vumbi hadi magotini.
Jirani kasogeza ua. Alitaka kuiona ramani,
aione tu.
Nikamwambia mwenye ufunguo kaenda kuzika.
Akaniuliza, mlango wenyewe uko wapi?
Sikuwa na mlango wa kumwonyesha."

Asubuhi nikakuta karatasi kwenye kioo changu,
mwandiko wa masijala, gundi bado mbichi:

    Neno la siri si shanga
    ulivae ukiringa;
    watu wa ofisi, Tanga,
    ghala letu tufungue.

Nikalifungua jedwali la mifumo.
Mistari saba: nini, kipachikwe wapi, kwa masharti gani.
Mwisho wa mstari wa ghala nikaongeza neno moja,
herufi nne, maana yake mtumiaji,
yeyote, asiye na cheo.
Mkono ukasita.
Je, akiingia na faili lililovaa joho la mzizi?
Nikaongeza la pili, la kuvua majoho ya kuazima,
na la tatu, programu yoyote isiamkie mle:
ghala ni la ramani, si la ngoma.
Mgeni njoo, ila panga liache kizingitini.
Na nywila ya kila mtu katika faili lake,
asilisome mwingine, hata wa meza ya jirani.

Semeni akaandika amri mwenyewe, kwa kidole kimoja.
Mashine ikafikiri kidogo.
Ghala likashuka.
Akagusa kioo kwa ukucha wenye hina,
akasema, "Kumbe."
Basi, hilo tu. Miaka minne, kumbe.

Jioni Singano, kwenye mashine ileile,
akajaribu kulibandua; ikamkatalia:
aliyepachika ndiye abandue.
Nikacheka peke yangu. Hata ndoa
haina kanuni safi hivyo.

Alhamisi yule mama alirudi.
Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai.
Semeni hakuinua kichwa kunitafuta.
Karatasi ikatoka ingali na joto,
mama akaufuata mpaka kwa kidole, polepole,
akafika kwenye kona, akasimama hapo.
"Mnazi huu, basi, ni wangu."
"Ni wako," Semeni akasema,
"na huu mwingine pia."

Nikarudi kitini.
Saa mbili kasoro sasa korido ni kimya,
nasikia feni, nasikia mihuri ya Mwanakombo.
Neno la siri la mzizi lina herufi kumi na nne.
Jana niliposa kulikumbuka bafuni,
ya tisa ikagoma kuja.