Punguza, Mzee

Tukuyu mvua haiombi ruhusa.
Ilipoangukia bati la ukumbi wa welfea
mwimbaji alifunga mdomo, mpiga solo akawasha sigara,
na meneja akamsukuma mjomba jukwaani:
nenda, wasije wakadai viingilio vyao.

Basi akatoka Asangalwisye
na koti kuukuu la bwana shamba wa chai, mikono imezidi shibiri nzima,
sahani tatu za bati, na jogoo hai mfukoni.
Neno lisingesikika hata angelitia kwenye baragumu.
Kwa hiyo hakusema.
Aliinua nyusi moja. Benchi la mbele likacheka.
Akakanyaga ganda la ndizi lisilokuwepo,
akaanguka kidogo kidogo,
kama mtu anayeshuka ngazi kwenye nyumba ya mkwewe,
na benchi la nyuma likacheka, na wauza karanga dirishani,
na jogoo akatoa kichwa kutazama kulikoni.

Miaka kumi na minane hivyo. Kyela, Mbozi, Makambako,
nyuma ya lori la bendi, amekumbatia ngoma zisilowe,
akilipwa baada ya wote, na akilipwa, nusu.
"Mchekeshaji ni chumvi," meneja alimwambia.
"Nani amewahi kununua chumvi kwa gunia?"
Mjomba akajibu: "Mwenye ng'ombe."

Kisha magitaa yakauzwa. Ukumbi ukawa ghala la mbolea.
Watu wa filamu walipomwita Dar es Salaam
alikuwa na miaka hamsini na moja na meno ishirini.
Siku ya kwanza alicheza kama Tukuyu,
kama vile mvua bado iko juu ya bati,
na kijana mwenye kofia, nyuma ya kamera, akasema:
Punguza, mzee.
Akapunguza.
Punguza tena.
Akapunguza koti, akapunguza mabega, akapunguza na magoti,
mpaka ikabaki ile nyusi.
Hapo hapo. Usiiguse.

Tangu hapo amefungua mageti thelathini na mawili ya watu wengine.
Amekuwa daktari mwenye habari mbaya, shahidi asiyekumbuka,
maiti mara mbili
(ya pili alipiga chafya; wameiacha).
Hakuna filamu aliyorithi nyumba.
Hakuna aliyoulizwa amelalaje.

Mimi nina kibanda cha video Mwanjelwa,
viti arobaini na jenereta moja yenye kikohozi.
Nimewatazama wateja wangu wakitazama.
Staa analia pale mbele, machozi ya glisirini,
anamlilia mke aliyekwenda,
na macho yao yamempita begani,
yako kule nyuma, penye ukungu wa picha,
ambako mzee mmoja amesimama na mwavuli
na hajui aufungue au aondoke.
Hapo ndipo mama Tumpe wa genge la viazi
hujifuta pua kwa pindo la kanga na kusema moshi, moshi tu.

Mwishoni majina hukimbia kama panya waliomulikwa tochi.
La kwake hutangulia la mpishi:
mara Asangwisye, mara Asa Mwandemange,
mara moja, kwa uvivu, Mzee wa Mbeya.
Watu huinuka, wanapapasa kandambili gizani.
Mimi nakuwa nimeshafika mlangoni,
mkono kwenye komeo, nyusi moja juu.

Kaeni.
Bado kuna mtu anapita.